Fedha Iliyoachwa Katika Taka

Katika masanduku ya wazee wengi wa Kenya bado zimo shilingi za zamani zenye sura ya simba, ambazo siku hizi hazinunui kitu dukani. Mwenye kuwa nazo asizitupe. Shilingi ya Afrika ya Mashariki iliyopigwa tangu mwaka wa 1921 hata mwaka wa 1946 ilikuwa na fedha halisi ndani yake, sehemu 250 katika kila sehemu 1,000, na yaliyobaki yalikuwa shaba kwa wingi. Tangu mwaka wa 1948 zikaja shilingi za shaba na nikeli. Neno la fedha likabaki midomoni tu: karani hupokea fedha mwisho wa mwezi, wala ndani yake hamna fedha hata chembe.

Shilingi moja ya zamani ilikuwa na uzito wa karibu gramu 8, basi fedha yake ni karibu gramu 2. Kuipata si rahisi. Ukiiyeyusha sarafu hiyo motoni, fedha na shaba huyeyuka pamoja, na zikipoa huganda pamoja vile vile. Ndivyo ilivyo pia katika mawe ya machimboni, ambamo fedha ni nadra kuonekana peke yake. Kazi yote ya wataalamu wa madini, tangu kale hata leo, imekuwa kutafuta kitu cha tatu ambacho fedha itakifuata na kuwaacha wenziwe. Vitu vitatu vimetumika kuliko vyote, navyo ni risasi, zebaki na sianidi. Vyote vitatu ni sumu.

Cha kwanza kujulikana kilikuwa risasi. Mawe mengi ya risasi yana fedha kidogo ndani yake, na mawe ya namna hiyo yalichimbwa na Wayunani mahali paitwapo Laurion, karibu na mji wa Athens. Katika mwaka wa 483 kabla ya kuzaliwa Kristo walipata mwamba wenye fedha nyingi, na mkuu wao Themistokles akawashauri wasigawane faida bali waunde manowari. Kwa manowari hizo waliwashinda Waajemi baharini huko Salamis, miaka mitatu baadaye. Waliochimba mwamba huo walikuwa watumwa, na jambo hilo halikutajwa sana katika nyimbo za ushindi.

Njia yao yafaa ielezwe, kwa kuwa ingali ikitumika kupimia madini hata sasa. Kwanza mawe husagwa na kuoshwa, kisha huyeyushwa kwa mkaa mpaka risasi itoke, nayo hutoka imebeba fedha yote. Kisha risasi hiyo hutiwa katika kikombe kilichofinyangwa kwa majivu ya mifupa ya ng'ombe, na kikombe huwekwa katika tanuri yenye upepo mwingi. Upepo huigeuza risasi iliyoyeyuka kuwa kutu. Kutu hiyo hunywewa na majivu kama maji yanywewavyo na mchanga mkavu, tena huondoka na shaba pamoja na uchafu mwingine. Fedha haishiki kutu kwa moto, wala majivu hayainywi. Fundi hutazama kikombe kikipungua, kikipungua, mpaka ghafula tone dogo hung'aa katikati kama jicho. Hapo fedha iko peke yake. Shilingi ya simba ikiyeyushwa pamoja na risasi nyingi hutengwa kwa njia hiyo hiyo, ila moshi wa risasi huharibu damu na akili, hasa ya watoto, na kazi hiyo haifai kufanywa uani.

Wayunani hawakuweza kuitoa fedha na risasi yote. Waliacha vilima vya mawe duni na vya takataka za tanuri, yale ambayo wahunzi huyaita mavi ya chuma. Mwanachuoni Strabo, aliyeandika yapata miaka 2,000 iliyopita, alisema kwamba watu wa wakati wake walikuwa wakiyayeyusha upya mabaki ya wazee wao na kupata fedha safi. Katika miaka ya 1860 Mwitalia mmoja, Serpieri, akaja na fedha za matajiri wa Ufaransa akayeyusha taka zile zile mara nyingine. Serikali ya Uyunani ilipoona faida yake, ilisema mawe yaliyotupwa na wazee ni mali ya taifa. Ugomvi huo uliingiza serikali za Ufaransa na Italia, na haukumalizika ila mwaka wa 1873, kampuni ilipouzwa. Kwa miaka mingi hapakuwa na mtu aliyeyataka mawe hayo.

Njia ya zebaki ilienea kutoka Mexico. Katika mwaka wa 1554, huko Pachuca, Mhispania Bartolomé de Medina alionyesha jinsi ya kutoa fedha bila ya tanuri, jambo kubwa katika nchi ambayo kuni zilikuwa zikiisha. Mawe yalisagwa yakawa tope, tope likatandazwa katika ua mpana uliosakafiwa, likatiwa chumvi, mawe ya shaba yaliyochomwa, na zebaki. Nyumbu, wale wanyama wazaliwao na punda na farasi, walizungushwa juu yake siku baada ya siku, kwa majuma mengi, mpaka zebaki imeikamata fedha. Tope lilioshwa, zebaki ikakamuliwa kwa kitambaa kama tui la nazi, na bonge lililobaki likatiwa motoni. Zebaki ikaruka mvuke, fedha ikabaki.

Njia hiyo ilitumika zaidi ya miaka 300, na sehemu kubwa ya fedha iliyojaza masoko ya dunia ilipitia humo. Lakini kwa kila ratili ya fedha, karibu ratili moja ya zebaki au zaidi ilipotea mtoni na hewani. Zebaki ya Peru ilichimbwa Huancavelica, na wenyeji walipelekwa huko kwa lazima, kwa zamu. Wengi hawakurudi.

Sianidi ilikuja mwaka wa 1887, ilipogunduliwa njia yake katika mji wa Glasgow na MacArthur pamoja na ndugu wawili wa jina la Forrest. Maji yenye sianidi kidogo sana, chini ya nusu katika 100, huyeyusha dhahabu na fedha kama maji yayeyushavyo chumvi, kisha vipande vya zinki huyarudisha madini hayo katika hali yake. Migodi ya Johannesburg, ambayo mawe yake ya chini yalikuwa yakiikataa zebaki, iliokolewa kwa njia hiyo tangu mwaka wa 1890, na mchanga uliokwisha tupwa ukarudiwa. Hata Pachuca kwenyewe zebaki iliacha nafasi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Kosa moja la kuchanganya laweza kuua mtu kwa dakika chache: maji hayo yakikosa chokaa hutoa hewa ya sumu.

Taka zenye fedha haziko migodini tu. Filamu za eksirei zilifunikwa kwa chumvi ya fedha, na maji ya dawa yaliyooshea filamu hizo yalikuwa na fedha ambayo hospitali nyingi zilimwaga shimoni. Yakipitishwa katika nyuzi za chuma, chuma huingia majini na fedha huanguka chini kama matope meusi. Sonara naye hufagia vumbi la meza yake na kulitunza.

Lakini taka inayogusa maisha ya watu wengi zaidi nchini Kenya iko Migori. Mgodi wa Macalder, uliotoa shaba, zinki, fedha na dhahabu, ulifungwa mwaka wa 1966, na mchanga wake uliosagwa ukabaki. Watu wa huko huurudia mchanga huo, na huchimba mashimo yao wenyewe. Wengi hutumia zebaki, bila chumvi wala nyumbu, katika karai, kwa mikono mitupu. Kisha bonge la zebaki na dhahabu huwekwa juu ya makaa, na mara nyingi jiko hilo ni lile lile la kupikia ugali. Mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Huingia mapafuni, hutetemesha mikono, huharibu figo, na hufika kwa mtoto aliye tumboni. Ile inayoanguka mtoni huingia katika samaki.

Mapatano ya Minamata, yaliyoitwa kwa jina la mji wa Kijapani uliopata msiba wa zebaki, yalifanywa mwaka wa 2013 na kuanza kutumika mwaka wa 2017. Yanataka mambo manne yakomeshwe: kutia zebaki katika mawe yote yasiyooshwa kwanza, kuchoma bonge mahali pa wazi, kulichoma penye makazi ya watu, na kutia sianidi katika mchanga uliokwisha pata zebaki.

Asiyeweza kuiacha zebaki leo aweza angalau kuikamata. Bonge hutiwa katika chungu cha chuma chenye kifuniko kilichobana, na bomba likapitishwa katika maji baridi. Mvuke hugeuka zebaki tena ikadondoka chomboni. Wapishi wa chang'aa waifahamu vyema kazi hiyo, ijapokuwa imewafikisha wengi mahakamani. Kazi hiyo nayo ifanyike nje, mbali na nyumba, na chungu kisifunguliwe kingali moto.

Iliyo bora ni kuiacha kabisa. Huko Benguet, katika Ufilipino, wachimbaji wadogo huosha mchanga kwa uangalifu mpaka ubaki ule mzito tu, wakauchanganya na boraksi, dawa ile ile itumiwayo na masonara, kisha wakauyeyusha kwa mkaa na upepo. Uchafu huelea juu kama kioo cheusi, dhahabu pamoja na fedha iliyomo huzama chini. Kuosha huko huchukua muda mrefu zaidi, na mkono wa mwoshaji hauna budi kuwa mwepesi.