Heliamu kidogo huipa TIG moto zaidi

Alumini nene humsumbua fundi wa mashua: husambaza joto upesi, hivyo mshono waweza kung'aa juu na chini haujashika. Dawa mojawapo ni kuchanganya agoni na heliamu. Heliamu hudai volti nyingi zaidi. Kwa ampea zile zile, moto huwa mkali na kupenya ndani.

Ila heliamu ni ghali, na kwa wepesi wake hupaa haraka, basi gesi itafunguliwa zaidi. Ikizidi, moto hukataa kuwaka. Anza na robo heliamu, robo tatu agoni. Alumini nyembamba yatosheka na agoni tupu.

Ukichomelea ndani ya tanki, ingiza hewa safi: gesi hizi hazinuki, nazo hufukuza oksijeni.