Paka wa Kale Mwenye Chonge Kama Jambia

Wenyeji wa Kitale na Bungoma wamjua chui wa Mlima Elgon. Lakini mtu akifuata barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar, mwendo wa karibu kilomita 300, kisha akaelekea mashariki upande wa Ziwa Turkana, atafika Lothagam, nchi kavu yenye vilima vya mawe. Huko palipatikana mifupa ya paka mkubwa ambaye hakuna mwanadamu aliyepata kumwona akiwa hai, kwani aliishi miaka kama milioni sita iliyopita.

Wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakiongozwa na Dakta Meave Leakey, walifanya kazi Lothagam tangu mwaka 1989 hadi 1993. Mwaka 2003 Dakta Lars Werdelin wa Sweden alimpa mnyama huyu jina la Lokotunjailurus emageritus. Jina hilo, ijapokuwa ni zito ulimini, lina maneno ya Kiturkana ndani yake: moja la paka, jingine la ukucha.

Kimo chake kilikuwa kama cha simba jike, ila umbo lake lilikuwa jepesi zaidi. Chonge zake za juu zilikuwa ndefu na bapa, na kingo zake zilikuwa na vijino kama msumeno. Watu wengi waonapo meno ya namna hii hudhani kwamba mwenyewe aliweza kumrukia mnyama yeyote na kumng'ata popote. Sivyo. Chonge ya simba ni nene, nayo huvumilia vishindo vya nyati anayefurukuta. Chonge bapa ni kama mundu: hukata majani vizuri sana, lakini ukiukwamisha katika gogo na kuupinda, huvunjika. Na paka aliyevunjika chonge hana fundi wa kumtengenezea nyingine.

Hapo ndipo ukucha uliompa jina ulipokuwa na kazi. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa mbele ulikuwa mkubwa mno, na kucha za vidole vingine ndogo. Yaelekea alimnasa mnyama kwa ukucha huo, akamwangusha na kumlalia hata asiweze kujitikisa. Ndipo alipomng'ata kooni, akakata mishipa ya damu. Simba hukaba koo mpaka pumzi iishe; huyu alikata, na mara mambo yakaisha. Zamani hizo palikuwa na mto mkubwa Lothagam, wenye miti na nyasi kandokando, na swala na farasi wa vidole vitatu walikuja kunywa maji.

Habari hizi zilijulikana kwa kuwa mifupa mingi ya paka mmoja ilikutwa pamoja. Kama mpita njia angalichukua ukucha ule kuwa pambo, fuvu peke yake lisingaliweza kueleza namna alivyowinda. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yamtaka mtu aonaye mifupa iliyogeuka mawe aarifu Makumbusho ya Taifa. Kwa watu wa Trans Nzoia na Bungoma, tawi lililo karibu ni Makumbusho ya Kitale.