Kwa Nini Mtu Hulinda Udongo

Wakulima wa skimu, bila shaka mmeona jambo hili. Mashamba mawili yako katika mteremko mmoja, na mvua yao ni moja. Katika la kwanza matuta yamesimama imara, yamepandwa majani ya nepia. Katika la pili mwenyewe amelima mpaka ukingoni, na mto umekuwa mwekundu. Wote wawili wanaijua sheria. Basi tofauti yao ni nini?

Katika miaka ya 1940 Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Murang'a kuchimba matuta. Mwaka 1947 watu walikataa, na mwaka 1948 wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, waliandamana. Matuta yenyewe hayakuwa mabaya, lakini yalikuwa matuta ya amri na faini. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mahali pengi katika Kenya matuta ya namna hiyo yaliachwa yakabomoka.

Huko Machakos, nchi iliyokuwa imechakaa kwa mmomonyoko katika miaka ya 1930, amri pia zilileta chuki. Lakini baadaye watu wenyewe walipendelea tuta la fanya juu, wakalichimba kwa vikundi vya mwethya, leo kwako, kesho kwangu. Kufika mwaka 1990 watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Ukichimba katika shamba la jirani aliye chini yako, utaona udongo wako umelala juu ya mahindi yake. Hapo habari si ya faini tena, ni ya deni.

Ninyi wa skimu mna shida moja zaidi. Wengi wenu, au wazazi wenu, mlikuja kutoka mbali, katika nchi ambayo babu zenu hawakuwaonyesha mikondo yake ya maji. (Mwenye kukaa mjini na kuajiri vibarua ndiye asiyeijua kabisa.) Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha, ikitulia kidogo, tembeeni shambani pamoja na watoto. Tazameni maji yanaingilia wapi, yanatokea wapi, na yanakwenda kwa nani.

Kisha mwiteni jirani wa chini na Bwana Shamba, mpime mstari kwa pimamaji kabla ya kulima. Mtaro uwe na upana wa sentimeta 60 hivi na kina kama hicho. Udongo utupwe upande wa juu, na majani yapandwe juu ya tuta mara mvua zianzapo.