HATARI IPI ITANGULIZWE?

Mzazi wa Sofu, Kibaha, aachaye chungu kiungue ili amwahi mtoto anayekimbilia barabarani, hakusomea uhandisi. Hata hivyo, uamuzi wake ndio ule ule ambao vijana wanaounda vyombo vya angani hufundishwa kwa subira kubwa.

Itazame setilaiti ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliyoundwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma. Ilikuwa kisanduku cha sentimita 10 kila upande. Tarehe 11 Mei, 2018, iliachiwa angani kutoka Kibo, chumba cha Wajapani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. (Kwao neno hilo ni “tumaini”, kwetu ni kilele cha Kilimanjaro.)

Je, wewe ungeogopa nini kwanza? Bila shaka, chombo kisije kikanyamaza. Lakini mhandisi huiuliza kila hatari maswali mawili: yaelekea kutokea kiasi gani, na ikitokea italeta hasara gani? Redio ikinyamaza, zimepotea fedha na jasho. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya kituo, watu waweza kufa. Basi betri hutangulizwa, ingawa moto huo ni wa nadra. Ndiyo maana setilaiti ndogo za namna hiyo hupelekwa zikiwa zimezimwa kabisa, na zikiachiwa hungoja dakika 30 kabla ya kukunjua antena na kutoa mawimbi. Kinga hiyo nayo huzaa hatari nyingine: swichi ikikwama, chombo hakiamki kamwe, wala hakuna fundi wa kukifuata huko. Wahandisi huikubali hatari hiyo wakijua walitendalo.

Tena kupima peke yake hakutoshi, iwapo mpimaji hasikilizwi. Usiku wa kuamkia 28 Januari, 1986, wahandisi wa kampuni ya Morton Thiokol ya Marekani walionya kwamba baridi ingekakamaza pete za mpira katika roketi za Challenger. Wakubwa wakaamua safari iendelee. Chombo kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, wakafa watu saba, akiwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Mwaka 2023 Wakenya waliingojea Taifa-1 irushwe kutoka California. Hali ya hewa ilipochafuka, safari iliahirishwa, kisha ikaahirishwa tena, na manung’uniko hayakukosekana. Ilipaa tarehe 15 Aprili, asubuhi kwa saa zetu.