Presha Inapotea Wapi? Kutoka Bomba la Jikoni Mpanda Hadi Mto Katuma

Bomba la jikoni halikauki siku moja. Kwanza sufuria huchukua muda zaidi kujaa, kisha mama mwenye nyumba huweka ndoo ya akiba chini ya sinki, na baada ya miaka miwili mitatu hakuna anayekumbuka maji yalivyokuwa yakitoka mwanzo. Watu wakishazoea, lawama hubaki moja tu: mamlaka haina presha. Mjini Mpanda lawama hiyo ina msingi, lakini haielezi kila kitu. Presha hupotea kidogo kidogo njia nzima, na sehemu ya upotevu huo iko ndani ya ua wa mlalamikaji mwenyewe.

Tuanzie mwisho wa njia. Mdomoni mwa bomba la sinki la kisasa kuna chujio dogo lililofungwa kwa nati, linalochanganya maji na hewa ili yasiruke hovyo. Zungushia kitambaa usilikwaruze, fungua kwa spana, kisha ligongee kwenye bakuli jeupe. Zitadondoka chembe za mchanga, magamba ya kutu yenye rangi ya kahawia, na mara nyingi nyuzi nyeupe za tredi tepu alizoziacha fundi siku ya kufunga. Kama kuna ukoko mweupe wa chokaa, liloweke kwenye siki usiku kucha, asubuhi ulisugue kwa mswaki wa zamani. Kabla hujalirudisha, fungua maji bila chujio. Yakitoka kwa nguvu, ugonjwa umeujua na hujatumia hata shilingi.

Yakiendelea kuchuruzika, inama chini ya sinki. Kuna koki ndogo ambayo huenda ilifungwa nusu siku ya matengenezo ikasahauliwa. Kuna ile mipira myembamba ya kuunganishia, ambayo ikikunjika hubana maji. Halafu kuna koki ya geti karibu na dira, ambayo imewapotezea muda mafundi wengi: bamba lake la ndani hukatika kutoka kwenye shina, mkono ukazunguka vizuri kabisa kana kwamba koki imefunguka, na kumbe bamba limebaki limeziba njia. Fundi asiyelijua hilo atabadilisha bomba la jikoni, alipwe, aondoke, na maji yabaki vilevile.

Nyumba za zamani zina tatizo kubwa zaidi, nalo ni mabomba ya chuma. Kutu hujijenga kwa ndani, mahali jicho halifiki, na hesabu yake haina huruma. Bomba la nusu inchi lina uwazi wa takriban milimita 15. Kutu ikiupunguza hadi milimita 10, mtu atadhani amepoteza theluthi ya maji. Sivyo. Kwa presha ileile, kitakachopita ni kama theluthi moja tu ya maji ya awali, kwa sababu mtiririko hushuka kwa kasi kuliko upana wa bomba, na uso wa kutu unaokwaruza huongeza hasara. Bomba la namna hiyo halina dawa ya kuoshea. Hung'olewa, likawekwa la plastiki.

Kisha kuna tangi. Anayechoshwa na mgao hununua tangi la lita 1,000, akajenga mnara wa matofali wa mita tatu, akaamini amemaliza. Safu ya maji ya mita 10 ndiyo inayotoa presha ya takriban baa moja, kwa hiyo mnara wa mita tatu hutoa kama theluthi ya baa, na hapo hatujatoa kinachopotea kwenye kona za mabomba. Sasa nenda dukani: mabomba mengi ya kung'aa yenye mkono mmoja wa kuinua yametengenezwa kwa nyumba za nchi zenye presha kubwa, na njia zake za ndani ni nyembamba. Ukilifunga bomba la aina hiyo kwenye tangi la mita tatu, litatoa maji ya kunawia vidole. Bomba la kawaida la kuzungusha, lile la bei ndogo linalodharauliwa, lingefanya kazi vizuri zaidi. Hii ni hasara ya kujitakia, nami naiona kila nyumba mpya inaposimama.

Ili kujua kosa ni la nani, chukua ndoo ya lita 10 na saa ya simu. Pima inajaa kwa muda gani kwenye bomba la uani lililo karibu kabisa na dira, kisha pima jikoni, siku ileile na saa ileile. Jikoni, dakika moja na nusu kwa ndoo ni kiasi cha kuridhisha. Uani ikijaa upesi na jikoni ikachelewa, tatizo ni la mwenye nyumba. Kote kuwili ikichelewa, tatizo limevuka dira, na hapo ndipo habari inapokuwa nzito.

Kwa miji ya Tanzania kwa jumla, zaidi ya asilimia 30 ya maji yanayozalishwa hayafiki kwenye ankara, ilhali kiwango kinachovumilika kwa EWURA, mdhibiti wa huduma za maji, ni asilimia 20. Sehemu hupotea kwa dira mbovu na wizi, sehemu kwa mivujo. Mgao huzidisha madhara. Bomba la mtaani likikaa tupu, presha ya ndani hutoweka, maji machafu ya ardhini yakapenya kupitia nyufa zilezile zilizokuwa zikivujisha. Maji yanaporudi, hubeba tope lote hilo hadi kwenye lile chujio la jikoni. Wapo pia wanaofunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa kuvuta maji. Nyumba yao hupata, jirani wa mwisho wa mtaa hukosa, na mvuto huo huzidi kuingiza uchafu. Siku ya mgao, kwa hiyo, ni busara kufungua bomba la uani kwanza, liteme tope, ndipo ufungue la jikoni.

Lakini hata mtandao usiovuja hata tone usingetosha. Mpanda ulikua kwa ajili ya madini ya risasi. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika 1950 kwa ajili ya mgodi, na mgodi ulipofungwa mji ulibaki na reli na usingizi. Mwaka 2012 Katavi ilipotengwa na Rukwa kuwa mkoa, Mpanda ukawa makao makuu. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604 mkoani. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958, yaani zaidi ya mara mbili ndani ya miaka 10. Ofisi za mkoa, wakulima, wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wachimbaji wadogo wa dhahabu: wote wanahitaji maji, na mvua ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. MUWASA, mamlaka ya maji ya Mpanda, inategemea vyanzo kama Ikolongo na bwawa la Milala. Mpanda umo pia katika mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Mradi unaleta mabomba mapana, matangi na mitambo ya kusafishia. Mvua hauiongezi, wala hauzuii tope kuingia bwawani.

Anayetaka kuona uhaba huu wa maji unaishia wapi aende Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, mwezi Oktoba. Mto Katuma unashuka kutoka milima ya Tongwe, magharibi ya Mpanda, unapita kwenye mbuga za mpunga, unaingia hifadhini hadi maziwa ya Katavi na Chada, na hatimaye, kwa jina la Kavuu, unaelekea Ziwa Rukwa. Ulikuwa mto wa mwaka mzima. Tangu miaka ya 1990 sehemu za chini zimekuwa zikikauka kiangazi, na watafiti wamehusisha ukaukaji huo zaidi na mabwawa na mifereji isiyo rasmi ya umwagiliaji huko juu pamoja na ukataji wa misitu, kuliko na upungufu wa mvua. Viboko kwa mamia hurundikana kwenye dimbwi la tope, migongo imepasuka kwa jua, wakubwa wakipigana kwa ajili ya nafasi ya kulala. Watalii hulipa kuja kupiga picha. Ni foleni ya maji kama foleni yoyote.

Simaanishi kwamba kila bomba la Mpanda linachota Katuma. Ninachosema ni kwamba vyanzo vya mji viko katika ardhi ileile, yenye mvua zilezile, miti ileile inayokatwa kwa mkaa na mashamba yaleyale yanayosogea kando ya mito. Kupungua huku kwa maji kuna sababu zinazojulikana, kwa hiyo kunaweza kuzuiwa. Vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika, Katuma na Mwese vikiwamo, vimekuwa vikilipwa mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu yao kupitia biashara ya hewa ukaa, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Pale mti uliosimama una bei, panga lina sababu ya kusubiri.

Kwa sasa matumaini ya wengi yameelekezwa Ziwa Tanganyika, na serikali imekuwa ikizungumzia kuyaleta maji ya ziwa hilo hadi Katavi. Ni mpango mzuri wa miaka mingi ijayo, ila hesabu yake iwe wazi. Ziwa liko chini ya Mpanda kwa takriban mita 300, na umbali ni zaidi ya kilomita 100. Kuinua uniti moja ya maji kimo hicho kwa pampu ya kawaida kunakula zaidi ya uniti moja ya umeme, kabla ya kuhesabu msuguano wa njia nzima, na mji wenyewe kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli nje ya gridi ya Taifa. Gharama hiyo ataibeba mlipa ankara.

Mwenye nyumba asafishe chujio lake, apime ndoo, na aende ofisi ya maji na vipimo alivyoandika badala ya malalamiko matupu. Manispaa nayo iweke alama za mpaka kuzunguka Milala na vijito vinavyoilisha, na iwaondoe wanaolima ndani ya mipaka hiyo kwa kuwapa ardhi kwingine. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na mabwawa. Mita hizo hazihitaji mkopo wa India.