Mboga ya kando ya barabara: namna ya kuandika kazi ya utafiti ukiwa humanite

Wadogo zangu wa humanite, na ninyi ndugu ambao tulimaliza masomo, leo tuongee kidogo juu ya ile kazi ya utafiti mwalimu anaomba: kurasa 10, mwisho wa mwezi mulete.

Mtoto wa mama mdogo wangu yuko mwaka wa 4 wa humanite ya kilimo hapa Kolwezi. Siku moja alikuja na daftari: "Yaya, unisaidie." Juu ameandika "Uchafuzi wa mazingira katika Lualaba." Chini, kurasa 6 zilizotoka kwenye simu. Mwishoni: "Mboga za Kolwezi ni sumu."

Nikamuuliza: "Mama yako anauza nini?" Akanyamaza. Mama yake anauza lengalenga. Bustani yake iko kando ya barabara ambapo malori ya madini yanapita. Minervali ya huyu mtoto inatoka mule.

Sikumwambia afiche kitu juu ya mama yake. Kama vumbi linadhuru, kunyamaza hakusaidii mtu. Lakini sentensi isiyo na ushahidi inaweza kufukuza wateja bure. Nilimwambia neno moja tu: usiandike kikubwa kuliko kile unaweza kuhakikisha. Tukaanza upya.

Kwanza, punguza swali. Lualaba ni jimbo zima tangu 2015. Wewe uko na daftari, mita na miezi miwili. Swali lake likawa hivi: lengalenga iliyo mita 5 kutoka barabarani inakua sawa na ile ya mita 60? Na vumbi juu ya majani ni sawa? Swali kama hilo unalijibu kwa miguu yako mwenyewe.

Pili, soma waliotangulia, na useme wazi kwamba maneno ni yao. Kuhusu mji wetu iko utafiti uliotoka mwaka 2018 katika jarida Nature Sustainability, uliofanywa na watafiti wa Lubumbashi pamoja na wa Leuven, Ubelgiji. Walipima watu wa Kasulo, mtaa ambao wachimbaji walitoboa katikati ya nyumba. Hawakuishia hapo: walipima pia watu wa eneo lingine la karibu, wapate kulinganisha. Kobalti katika damu na mkojo wa watu wa Kasulo ilikuwa juu sana, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto. Bila lile eneo la pili, namba za Kasulo zingesema kidogo. Lakini angalia: walipima watu wa Kasulo, hawakupima lengalenga ya mama yako. Usiwasemeshe ambayo hawakusema.

Tatu, linganisha kwa haki. Tulitengeneza matuta mawili: mbegu moja, siku moja, samadi sawa, makopo ya maji sawa. Kila Jumamosi alipima mimea 20 kila upande, akaandika papo hapo. Kiisha alipangusa majani 10 ya kila tuta kwa kitambaa cheupe chenye maji.

Ine, andika hata kile kinachokuvunja moyo. Urefu wa mimea ulikaribia kuwa sawa. Alikasirika: "Yaya, kazi yangu imekufa!" Haina hivyo. Hilo nalo ni jibu. Kitambaa cha tuta la barabarani ndicho kilitoka chekundu. Kile kingine, kidogo tu.

Tano, sema mipaka yako. Kitambaa kinaonyesha vumbi, hakionyeshi kobalti. Na kile ambacho mizizi imevuta kutoka udongoni hakionekani kwa macho. Hapo inaombwa labo. Aliandika hivyo, wazi.

Mpango wa karatasi si mgumu: swali, namna ulivyofanya (mwingine aweze kurudia), ulichokiona, maana yake, mipaka, jibu. Hata disertasio ya Exetat, ambako hakuna bustani, inaomba tabia ile ile: sema wazo lako, toa ushahidi, usizidishe.

Nawaambia haya juu na mimi nilianguka. Nikiwa shuleni nilinakili kurasa za watu, mwalimu akanipa 4 juu ya 20 na kuniuliza: "Wewe mwenyewe uko wapi ndani ya kazi hii?" Nilikosa jibu.

Sentensi ya mwisho ya mdogo wangu sasa inasema: "Majani ya karibu na barabara yana vumbi nyingi kuliko ya mbali, kama yana madini ya kudhuru, bado haijapimwa." Alimsomea mama yake. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kiisha akauliza: "Sasa nilime wapi?"

Shamba la mita 60 si lake. Lile swali ni letu sisi wenye diploma. Kama kati yenu kuna anayefanya kazi labo na anaweza kupokea majani ya matuta mawili, anijulishe. Mbegu ingine tumeisha kupanda.