Hata mbuyu ulianza kama mchicha: Nani anakula diski ya laptopu yako?

Laptopu za ex-UK ndizo zimewaokoa makomredi wengi na vijana wa kazi za mtandaoni. Unapata mashine iliyotumika, SSD ya GB 128 au 256, unaiwekea Ubuntu au Mint kwa sababu Linux ni ya bure na haisumbui mashine kuukuu. Maisha yanasonga. Halafu baada ya miezi kadhaa ujumbe unajitokeza kwenye skrini: diski imejaa.

Hapo ndipo wasee wengi hupotea njia. Mmoja anaanza kufuta picha za graduation. Mwingine anabeba mashine hadi kwa fundi, na anaambiwa mambo mawili: nunua diski kubwa au ifomatiwe. Lakini mara nyingi si wewe uliyejaza hiyo diski. Ni mfumo wenyewe, polepole, ukiwa umelala. Kwa hivyo kabla hujafuta chochote wala kulipa mtu, jua kwanza nani anakula.

Na usichukulie hili jambo poa. Diski ikijaa kabisa, unaweza kuhifadhi proposal yako na faili ikabaki tupu, baiti sifuri. Pia unaweza kuandika nywila sahihi na bado mashine ikurudishe palepale pa kuingilia, kwa sababu haina nafasi ya kuandika faili zake ndogo ndogo. Mtu asiyejua atadhani mashine imekufa. Haijafa. Bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, ingia kwa jina na nywila yako kwenye ile skrini nyeusi ya maandishi, kisha fanya usafi ukiwa hapo. Ukikimbilia kufomati, kazi yako yote inaenda nayo.

Anza na amri hii kwenye terminali: df -h. Itakuonyesha kila sehemu ya diski, iliyotumika na iliyobaki. Kisha: sudo du -xh --max-depth=1 / | sort -h. Hii inapima folda moja moja na kuzipanga, ile nene kabisa ikija karibu na mwisho, juu tu ya jumla. Ingia ndani ya hiyo nene, pima tena, hadi umpate mlaji. Kama terminali inakutisha, GNOME ina programu ya kuchora picha ya folda zako kwa rangi. Jina lake ni Baobab, yaani mbuyu. Aliyeipa hilo jina ni kama alijua methali yetu, maana logi zinazomeza GB 3 leo zilianza kama mchicha.

Walaji wa kawaida ni hawa. Kwanza, vifurushi vya programu vilivyoteremshwa wakati wa kusasisha vikabaki kwenye ghala. Amri ya sudo apt clean inaviondoa, na programu zako hazitaguswa. Pili, keneli za zamani. Tumia sudo apt autoremove, ila soma orodha kabla ya kukubali. Tatu, daftari la matukio ya mfumo, ambalo kwa kawaida linaruhusiwa kufika asilimia 10 ya diski, mwisho GB 4. Lipime kwa journalctl --disk-usage, kisha lipunguze kwa sudo journalctl --vacuum-size=200M. Nne, pipa la taka. Faili iliyo kwenye pipa bado inakaa kwenye diski. Hata ile flashi ya muvi "uliyoifuta" ikabaki imejaa, huenda ina folda iliyofichwa inayoitwa .Trash-1000. Ukifanya kazi na Docker, nayo ikague kwa docker system df, maana picha zake za zamani hazijiondoi zenyewe.

Sasa kuna mafumbo matatu ambayo hesabu zake huwachanganya hata wajuaji.

La kwanza: umefuta faili ya GB 10 lakini nafasi haijarudi. Kwenye Linux, faili ikiwa bado imeshikiliwa na programu inayoendelea, jina linaondoka lakini data inabaki hadi programu hiyo ifungwe. Andika sudo lsof +L1 umwone anayeishikilia. Mfunge, ama uwashe mashine upya, na nafasi itarudi.

La pili: df -h inasema kuna nafasi, lakini mfumo unakataa faili mpya. Angalia df -i. Kwenye ext4, kila faili inahitaji kadi yake ya utambulisho, inayoitwa ainodi, na idadi yake hupangwa siku diski inapofomatiwa. Vifaili vidogo vidogo mamilioni, kama vile vya kache au node_modules za projekti ulizoacha, vinaweza kumaliza kadi huku GB zikiwa bado zipo.

La tatu: ukijumlisha iliyotumika na iliyobaki, haifiki jumla. Hujaibiwa. Ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 kwa ajili ya mtumiaji mkuu, root, ili mfumo upate pa kupumulia diski ikijaa. Kwenye diski ya GB 128 hiyo ni kama GB 6. Kwenye sehemu ya mfumo, iache. Lakini kama una diski ya pili ya muvi na hati tu, unaweza kuishusha hadi asilimia 1 kwa tune2fs -m 1, ukifuatisha na jina la hiyo sehemu.

Na kasi je? Diski iliyojaa pomoni huwa nzito. Ext4 inakosa nafasi iliyoshikana, inaikata faili vipande vipande, nayo SSD inakosa pa kupangia data yake. Jitahidi kuacha hata asilimia 10 hadi 15 wazi. Pia SSD inahitaji kuambiwa ni sehemu zipi hazitumiki tena. Ubuntu hufanya hivyo kila wiki. Hakikisha kwa systemctl status fstrim.timer.

Onyo la mwisho: usifute folda ndani ya /var au /usr kwa mkono eti kwa sababu ni kubwa. Ukifuta /var/lib/dpkg, mfumo unasahau programu ulizo nazo, na hapo ndipo fundi atakula pesa yako kihalali. Kama ni logi moja iliyonenepa, imwage kwa sudo truncate -s 0 na njia ya faili hiyo, kisha utafute ni programu gani inalalamika hivyo kila dakika.

Dakika kumi kila mwezi zinatosha. Pesa ya diski mpya weka kwa rent.